Kina cha Kati

Mama akipiga simu huuliza: bado anapiga lile fidla kubwa?
Bado, mama. Si fidla. Viola.
Na watu wanacheza?
Hapana, mama. Watu wanakohoa.

Huddersfield, Novemba, mvua inayonyesha kwa ubavu,
kanisa la Wamethodisti lisilo na waumini tena, hita moja.
Kazi yangu ni stendi, chupa ya chai, na kuhesabu viti:
leo kumi na wanne, ukimtoa aliyeingia kukimbia mvua.
Mtunzi ana miaka ishirini na mitatu, soksi hazifanani,
wino wa ukurasa wa mwisho bado unachafua kidole.
Humo hamna noti. Mna mstari mmoja kama ufa wa ukuta
na agizo: vuta mpaka sauti isahau kuwa ni sauti.

Hesta anavuta.
Unywele wa farasi juu ya waya, nyuma ya daraja la chombo,
pale mwalimu wake wa Leeds alipomkataza kugusa.

Miaka sita alikaa okestra, safu ya tatu,
gauni jeusi, mshahara usiochelewa,
pam-pa-pa, pam-pa-pa, chini ya fidla zinazopewa maua.
Jioni moja akarudi na nakala ya barua ya kuacha kazi
na kilo mbili za viazi.
Tulimenya. Hatukusema neno.

Tangu hapo, tungo arobaini na moja
amezipiga yeye wa kwanza duniani.
Thelathini na sita, yeye pia ndiye wa mwisho.
Zimo kabatini chini ya ngazi, na kifyonza vumbi.
Watunzi wawili wamekwisha kufa.
Bega la kushoto humwamsha saa tisa usiku.
Jumanne hufundisha shule, maana nauli haitungwi, hulipwa.

Ni huko shuleni mtoto mmoja, Haroon,
mdomo umejaa krispi, aliusikia ule mvuto mrefu
akasema: Mwalimu, hiyo ni friji ya bibi yangu, usiku.
Hesta alitembea na neno hilo wiki nzima.
Magazeti yameniita jasiri, alisema,
huyu amenisikia.

Mimi nina changu kidogo, nilichorithi kwa babu:
kuhesabu silabi. Nikaandika nyuma ya risiti ya mboga:

    Cha mwisho hukisikia, cha kati hawakitaji,
    kikikosa kutulia, ubeti haukongoji,
    Hesta naye karidhia, kukaa kati ya maji,
    mwenye kiu hujijia, kisima hakijihoji.

Nikamsomea. Nikamfasiria, vibaya.
Akagonga mizani mezani kwa ncha ya upinde:
nane, nane. Nane, nane.
Akanyamaza, kama anyamazavyo kabla ya ukurasa mgumu.
Na ukiukata saba kwa tisa, akauliza,
nani ataanguka?

Tangu juzi ninalo swali hilo. Chai imepoa.
Juu, chumba cha nyuma, mlango umerudishwa tu,
friji ya bibi yake Haroon inaanza kuunguruma.