Sahani ya Mgeni

Nyota ya kwanza imechomoza juu ya mapaa ya Łódź
na mama mkwe Pelagia amekwisha kuhesabu:
vyakula kumi na viwili, nyama hakuna,
na atakayeruka hata kimoja
mwaka ujao bahati itamruka.

Mimi nilikuwa siruki.
Nilikuwa narudia.

Mwisho wa meza, sahani moja tupu,
uma wake, kisu chake, kiti chake:
mgeni njoo, mwenyeji apone.
Miaka ishirini na sita nimekaa jirani nayo,
hajawahi kuja mtu.

Mwezi wa nane, daktari alinichorea kwa kalamu
tumbo alilonibakizia.
Kama ndizi, akasema.
Akaitazama karatasi, akasahihisha:
ndizi changa.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kibaba changu siku hizi
hujazwa na yai moja,
na robo ya yai hubaki ikinikodolea macho.

Basi nimekuja na kijiko cha utotoni cha Jagna,
kile chenye bata kwenye mpini.
Samaki kwanza. Kipande cha ukubwa wa ukucha.
Natafuna nikihesabu, ishirini, ishirini na tano,
kama nihesabuvyo milango ya tramu yangu:
fungua, ngoja, tazama kioo, funga.
Ukifanya pupa, mtu hubanwa.

Supu ya bitiruti, nimelowesha midomo.
Maji ya matunda nayaacha,
kunywa ni nusu saa baada ya kula.
Keki ya mbegu nyeusi nainusa tu;
mwezi wa kumi kipande cha keki kilinilaza sakafuni,
jasho, moyo mbio, shavu juu ya vigae vya choo.
“Kunusa nako ni kuonja?”
Pelagia hajibu. Anaokota kwenye kitambaa cheupe
unywele wangu, na mwingine.

“Unakula kama ndege,” asema mjomba Zenobiusz,
ambaye zamani alinifananisha na mnyama mwingine.

Njaa sina. Hilo hawaniamini.
Ninachokikosa ni mkono wangu
ukinyoosha sahani mara ya tatu,
na Pelagia, ambaye hajapata kumwambia mtu nakupenda,
akiijaza bila kuulizwa.

Ameinuka. Nadhani anakwenda jikoni kulia.
Anarudi na kijiko cha kahawa,
anaivuta sahani ya mgeni,
anazunguka meza nzima, bakuli kwa bakuli,
miwani imeteremka puani,
kama mfua dhahabu anayepima vumbi.
Kisha anaisukuma mbele yangu.

Tone la supu. Nyuzi mbili za kabichi.
Uyoga, kofia bila mguu.
Nahesabu. Kumi na moja.
Nahesabu tena, na ndipo naiona, ukingoni,
mbegu moja nyeusi.

“Tafuna,” anasema.