Sailensi

Gari la Sista Mwanakheri Shekiondo
lilifika Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
likihema kama limepanda Magoroto kwa miguu.
Limesimama, halina gia, mguu hauko kwenye mafuta,
na bado mshale unapanda elfu na mia tano,
unashuka mia nne, unatetemeka,
unapanda tena.
"Kila nikisimama kupisha baiskeli linanizimikia.
Na saa moja nina zamu Bombo.
Watoto hawangoji gari."

Nikamwambia Hizza, mwanafunzi wangu,
asije akadhani sailensi ni kimya.
Ni injini kufanya kazi bila kwenda popote,
kula kidogo, kupumua kidogo, isife.
Kipepeo cha throtoli kimefunga mlango mkubwa,
ila pembeni kuna kijia,
na kwenye kijia kuna vali, bawabu
anayefungua kadiri kompyuta inavyomwamuru:
asubuhi injini ikiwa baridi, zaidi;
ukiwasha kiyoyozi, aongeze tena;
ikishapata moto, mia saba na hamsini
zinatosha kuishi.

Hizza keshashika bisibisi,
skurubu ya kipepeo inamwita.
Nikampiga kofi la mkono.
Skurubu ile ni uongo wa fundi:
unapandisha mlio, mteja anashukuru, analipa,
ugonjwa umebaki ndani, umevaa kanzu.
Nikamwonyesha mlango wa gereji, chaki niliyoandika
mwaka ule nilipoharibu gari la bwana harusi:

    Moyo ukienda mbio, mguu hujaugusa,
    Sikiza wake mlio, kuna kitu unakosa,
    Sikio ni kimbilio, jicho hupenda anasa,
    Pole pole si kilio, ndiyo sailensi hasa.

Mashine ya kupimia ikasema: hewa imezidi.
Wapi? Haikusema.
Tukafungua vali, ikatoa masizi
kama sufuria ya pilau ya watu mia mbili.
Tukairudisha. Linahema.
Soketi ya sensa ilikuwa imeota kijani
kwa chumvi ya hewa yetu hii; nikaikwangua.
Linahema.

Nikakata mpira wa maji, nusu mita,
ncha moja sikioni, nyingine nikaitembeza juu ya injini.
Nilisikia feni. Nilisikia mkanda.
Nilisikia na jirani seremala akiranda mninga.

"Nipe," akasema Sista.
Akafunga vizuri ushungi, akainama.
Hakuwa na haraka, yeye mwenye zamu.
Anaweka ncha, anangoja,
anasogeza upana wa kidole, anangoja,
kama anayetafuta mgongo wa mtoto
umelalia upande gani.
"Hapa. Panafyonza."

Nyuma ya manifoldi, mpira uendao kwenye breki:
ufa mdogo kuliko ukucha wa kichanga.
Nikapulizia dawa ya kabureta,
na mlio ukageuka papo hapo,
kama mtu aliyesikia jina lake sokoni.

Hewa ya wizi. Bawabu haioni ikipita,
kompyuta haikuihesabu,
ndiyo maana usiku na mchana
ilikuwa ikiikimbiza na kuikosa.

Mpira mpya, elfu nane.
Kisha tukachomoa betri isahau ilichozoea,
tukairudisha, tukawasha,
nikakataza mkono wowote kugusa kitu
dakika kumi, ijifunze upya.
Mshale ukapanda. Ukashuka.
Ukapapasa kama kipofu anayejua nyumba.
Ukakaa.

Sista alikuwa akitazama saa yake ya kifuani,
midomo ikihesabu.
"Sisi yetu ni mia na arobaini," akasema,
akanipa elfu kumi, hakungoja chenji.

Kwenye kona alisimama kupisha baiskeli ya mikate.
Mimi na Hizza tulitega masikio.
Halikuzimika.

Ule mpira wa maji aliondoka nao.
Sijui kama alisahau.