Nywele za Kanishai

Tulitoka Karakol alfajiri, gari la Kirusi
lenye mlango mmoja unaofungwa kwa kamba,
na Tolkunbek, dereva, akila mbegu za alizeti,
maganda akiyatema dirishani bila kukosea hata mara moja.
Kilomita arobaini, alisema. Zikawa sabini.
Barabara ilipokata tamaa tukapewa farasi.
Wangu alikuwa na fikra zake:
alisimama kila penye majani mabichi,
nami nikajifanya ndimi niliyetaka kupumzika.

Kwanza huyaoni. Unayasikia,
kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili,
halafu kama wapepetaji mia,
halafu husikii kitu kingine,
hata ukiitwa jina lako.
Kisha mreteni wa mwisho unakaa kando
na jabali zima limeachia nywele nyeupe
kutoka utosini hadi chini kwenye mawe.

Tolkunbek akavua kofia yake ya sufi,
akapaza sauti juu ya maji:
Kanishai, bibi harusi wa siku tisa.
Mume alivuka mlima na farasi wa kuuza,
theluji ikafunga njia nyuma yake.
Mke akapanda pale juu, akakaa,
akichana nywele na kusubiri,
akisubiri na kuchana,
mpaka zikawa nyeupe, mpaka zikawa maji.
Ndivyo ilivyoandikwa kibaoni pia,
kwa rangi ya bluu, juu ya bei ya kupiga picha.

Iliniingia, sitakataa.
Nilifunga leso yangu kwenye tawi la mreteni
kati ya vitambaa vya watu wenye haja zao,
nikaomba jambo ambalo silisemi hapa.

"Hakusubiri mtu," alisema muuza tiketi,
binti wa miaka kumi na mitatu hivi, Aizirek,
mbele yake bakuli la kuruti, madonge ya maziwa makavu
magumu kama kokoto, machungu kama ukweli wa ndugu.
Bibi yake alimsimulia hivi:
Kanishai alikamatwa kisimani, akatupwa juu ya farasi,
akafunikwa shela na wanawake wasiomjua.
Usiku wa tisa alitoroka.
Wakamfuata kwa mienge mpaka chini ya jabali,
wakaona nywele zake zikining'inia gizani,
wakazishika, wakavuta, wakavuta hadi kukacha.
Zilikuwa nywele tu.
Alikuwa amezikata kwa mkasi wa kunyolea kondoo.
Mwenyewe alishavuka mlima.

Nikamgeukia Tolkunbek. Ipi ya kweli?
Alikuwa akikaza tandiko lililokwisha kukazwa.
"Wageni humpenda anayesubiri," alisema.
Kisha, baada ya muda, bila kunitazama:
"Mama yangu aliletwa bonde hili hivyo hivyo.
Mkoba begani, madaftari ya chuo ndani.
Alikuwa akisomea dawa za mifugo.
Mpaka leo ng'ombe akiugua, watu humwita yeye."
Hakuongeza neno, wala sikumchokonoa.

Kwetu husema maji yakimwagika hayazoleki.
Haya yanamwagika mchana na usiku
wala hakuna anayehangaika na ndoo.
Niliweka mkono ndani yake:
baridi iliuma hadi kwenye kiwiko,
vidole vikafumba vyenyewe kama vya wale wenye mienge,
nikautoa mtupu, mwekundu, unachuruzika.

Nilinunua kuruti sita ambazo sikuzitaka.
Aizirek aliinama kutafuta chenji sandukuni,
upepo wa maporomoko ukampeperusha kilemba,
nikaona kichwa chake: kimekatwa kifupi kabisa,
huku zaidi, huku kidogo, bila kioo.
"Nani amekunyoa?"
"Mimi," alisema,
akahesabu som kumi na tano kiganjani mwangu,
akamwita anayefuata.