Mbele Yangu

Imesainiwa hapa Mwanza, mbele yangu.
Maneno matano, shilingi elfu kumi.
Miaka tisa niliyagongea muhuri, ghorofa ya pili,
mtaa wa Rufiji, juu ya duka la nyavu,
na karani wangu Lugiko alikuwa hodari:
aliniletea hati zimepangwa kama dagaa kichanjani,
wino upande huu, chai upande ule.
"Wenyewe wako chini, mheshimiwa. Wana haraka."
Nami sikuwa na sababu ya kushuka ngazi.

Mahakamani nilijulikana kwa mambo mengine.
Kola yangu haikuwahi kuonekana na doa.
Sikula fedha ya mteja, sikumnunua shahidi.
Vishoka wa pale getini niliwachongea mwenyewe,
wale wasio na shule wala kiapo,
wanaouza hati kama wauzavyo karanga.
Niliamini shoka ni la mwingine.

Akaja Nyanzobe wa Kome, siku ya Ijumaa,
viatu mkononi, eti ngazi zimedekiwa.
Kesi niliijua kabla hajasema.
Mjane. Kiwanja cha Igombe.
Shemeji ameuza, karatasi ina jina langu.
Nikatayarisha uso.

Hakuketi. Alifungua pindo la khanga, akatoa nakala,
akaweka kidole juu ya muhuri wangu, taratibu,
kama agusaye paji la mtoto mwenye homa.
"Masalu alizama Jumapili," alisema,
"usiku, na karabai zake, upande wa Maisome.
Mtumbwi ulirudi. Yeye ziwa halijamtoa.
Tukazika shina la mgomba kwa jina lake.
Sasa shemeji ananionyesha hii:
Jumanne, tarehe kumi na nne,
alikuwa hapa."

Nilijiandaa kwa laana.

"Baba, alikaa kiti kipi?
Alikuwa bado anakohoa?
Alisema anakwenda wapi?"

Nilichokifanya kina jina katika sheria,
kina kifungu, kina adhabu.
Macho yale hayana kifungu.
Dirishani, paa la jirani, korongo wawili walisimama,
joho jeusi, kifua cheupe, upara wa wasomi,
wakingoja mtu amwage matumbo ya sangara.

Ulimi wangu una mafunzo:
nitalipitia jalada, mama, njoo Jumatatu.
Hata huruma nayo ikanong'ona, hiyo mbaya zaidi:
mwambie alikuwa mzima, alicheka, alivaa shati la bluu,
umwache arudi Kome na mume.

"Sikumwona," nilisema. "Sijawahi kumwona.
Niligonga muhuri tu."

"Tu," alirudia.

Ndipo akaketi, kwenye kiti cha wateja,
akamlilia Masalu kilio ambacho mgomba haukukipata.
Lugiko alifunga mlango kwa nje.

Malalamiko niliyaandika mwenyewe, kurasa mbili,
mlalamikiwa mimi.
Kamati ilikuwa na adabu. Waliuliza tarehe,
namba ya uwakili, kama nilishinikizwa,
kama karani ndiye aliyenipotosha.
Nikajibu kwamba ngazi ni kumi na tisa.
Wakatazamana. Mwandishi wao hakuliandika hilo.

Miaka mitatu jina langu halimo daftarini.
Wenzangu, tukikutana, wananinunulia soda
na kuniambia karatasi ile ilikuwa inateteka,
kwamba nilijichinja kwa kisu cha kuazima.
Labda. Muhuri niliurudisha; wino wake umebaki
ukuchani mwa kidole gumba, au nadhani umebaki.

Shauri la kiwanja bado linaunguruma Baraza la Ardhi.
Juzi niliitwa kama shahidi, bila joho.
Nyanzobe alikuwa benchi la nyuma, viatu miguuni.
Niliinua mkono. Mwenyekiti akaweka kalamu chini,
akavua miwani,
akanitazama mpaka nilipomaliza kuapa.