Hesabu ya Saa Kumi Alfajiri

Mgao hufanyika juu ya spika iliyolazwa chali,
bado ina joto kama mgonjwa wa homa.
Randiki ndiye anayehesabu, kwa kuwa Randiki ndiye sauti,
na watu hudhani mwenye sauti ana akili ya fedha.

Elfu kumi na mbili, na mia tatu za sarafu.
Toa nne za mwenye vyombo, aliyelala kwake Milimani
na hajui waya wa tatu hukatika lini.
Toa petroli ya jenereta. Toa chipsi za Shikanda,
apigaye ngoma kana kwamba anaidai ngozi.
Toa faini ya glasi.
Hatukuivunja sisi, ila tulikuwa karibu.
Kinachobaki tunakigawa kwa sita,
na sita haiingii.

Mimi ni besi.
Besi hujulikana ikinyamaza.
Watu wakiinuka kucheza kidole wanamnyooshea wa gita,
lakini kiuno, kiuno kinanijua mimi.
Kiuno hakina mfuko.

Pesa yenyewe iko kwenye majigambo.
Mtu husimama, akaukata wimbo kwa noti ya mia:
Zima hapo! Ni mimi, mkwe wa Seme,
nisagaye mahindi na maneno ya adui!
Tunazima. Anajisifu. Tunaanza tena,
na kabla mguu haujapata mahali pake
anaukata tena.

Nyangweso wa kinu cha Rabuor alijisifu kuliko wote,
na kuliko wote alijisifu kwa mkopo.
Andikeni, alisema, mwanamume hatembei na chenji.
Tukaandika nyuma ya orodha ya nyimbo:
mia mbili, mia tatu, mia moja ya sifa za mamake,
mia tano usiku ule wa Kondele
alipouita mji mzima uwe shahidi.
Deni likafika elfu tatu na mia saba.
Halafu akafa,
mwezi wa nne, Kano yote ikiwa maji.

Tukaitwa kupiga matangani.
Shikanda akasema, Haki ya Mungu, leo mdeni ametualika.
Tulipiga toka giza hadi jogoo,
jeneza chini ya turubai, balbu moja ikipepesa,
kinu kimefungwa kufuli, viatu vyetu vimejaa tope.
Hakuna aliyeukata wimbo.
Ule wa dakika saba uliisha kwa dakika saba.
Miaka sita naupiga,
sikuwahi kuujua mwisho wake.

Kulipokucha mjane akatoka na daftari la kinu,
lile la wanaodaiwa unga.
Ukurasa wa nyuma, mwandiko wa marehemu, umelala kushoto:
Bendi, 3,700.
Chini yake, kwa kalamu nyingine:
yule wa besi, mia mbili, kando. Hajui.

Fedha zimekwenda na jeneza, akasema Mama Adongo,
wala hakuangalia chini.
Akafungua kufuli.
Tukagawana unga kwa gorogoro,
Randiki akihesabu kwa sauti ileile ya jukwaani,
na mara hii sita ikaingia.
Gorogoro mbili za juu akanimiminia mimi,
na kwa kuwa sikuwa na mfuko
nilizitia ndani ya mkoba wa besi.

Mke wangu alisonga ugali, akauliza wimbo gani huu.

Ijumaa, Kondele, nilipofungua mkoba
vumbi jeupe liliruka mbele ya taa.
Wimbo ukaanza, wa dakika saba.
Dakika ya pili kijana wa shati la maua akasimama,
noti juu, Zima hapo!
Randiki akazima, gita likazima, Shikanda akabana sahani.
Mimi nilichelewa kunyamaza
kwa noti mbili,
zisizo na picha ya mtu,
na hakuna aliyezihesabu.