Baki

Aliyeiona kwanza ni Egessa.
Alikwenda kujaza jerikeni, akarudi nayo tupu:
"Karani, kuna mashua inakuja gatini
na haina haraka."

Ilikuja hivyo kweli, ubavu mbele,
kama mgeni asiyejua mlango ni upi,
tanga lake la magunia ya unga, kiraka juu ya kiraka,
likivuta pumzi, likiiachia.
Tukapiga miluzi. Tukaita kwa Kisamia, kwa Kijaluo,
Wandera akaongeza Kiganda chake cha sokoni.
Mashua ikagonga mawe ya Lugala
ikanyamaza.

Niliingia majini, daftari kichwani. Kazi ni kazi.
Saa nne asubuhi, jua limekwisha kukomaa,
na ndani ya mashua karabai tano zinawaka bado.
Ya sita nikaigusa: vuguvugu.
Wavu wa mukene mkavu, umekunjwa
kama leso ya mtu anayetarajia wageni.
Posho sufuriani, imemegwa mara moja tu,
alama za vidole ukingoni.
Ndara za kushoto, tatu. Za kulia nilizitafuta
mpaka chini ya mbao, nikachoka.
Na juu ya ubao wa nyuma, zimepangwa kwa mstari,
betri nne za redio
zinaanikwa.

Kulikuwa na daftari la shule, halina jina.
Mia moja arobaini na tatu, gawanya kwa sita.
Mtoto ameandika ishirini na tatu,
kisha *baki*, kisha nukta mbili,
na penseli ikaishia hapo.
Nilimpelekea Mwalimu Sanya. Akavaa miwani, akavua.
"Hajakosea," akasema. "Hajamaliza tu."

Mchana ukaja na wenye kujua.
Nekesa, mikono imejaa unga wa kabalagala, akasema dhoruba.
Dhoruba gani inayokunja wavu?
Bwire akasema doria: askari wametokea, watu wamejitosa.
Lakini anayekimbia doria
haaniki betri.
Wengine walitaja mambo ambayo sitayaandika,
kwa sababu usiku huwa napita njia ile peke yangu.
Mchungaji Ogola alifungua kinywa, akakifunga.
Katika yote yaliyosemwa siku ile
hilo ndilo nililoliamini.

Jioni simu ikalia kutoka wilayani.
Ipime. Ikiwa chini ya futi ishirini na nane
sheria unaijua, ichomwe.
Nilipima kwa kamba. Nikaazima utepe wa fundi cherehani,
nikapima tena, Egessa ameshika upande wa omo
na hanitazami usoni.
Ishirini na saba.

Miaka kumi na mmoja nimeshika kalamu ya gati hii.
Sijachukua hata ndoana ya mtu.
Nikaandika ishirini na nane.
Futi moja niliyoiongopa si kubwa:
inatosha unyayo mmoja,
mtu akirudi apate pa kukanyaga.

Fomu ina swali la mwisho: idadi ya waliokuwemo.
Sajini Okurut alikuwa na njaa.
"Tia sifuri, tufunge."
Nikamwambia sifuri ni hesabu, afande,
mtu huipata baada ya kuhesabu,
na mimi nimehesabu ndara, taa na betri,
watu sijawahesabu.
Akanitazama kama anayetazama mvua isiyo ya msimu wake.
Nikapiga muhuri. Pale pa idadi pako wazi mpaka leo.

Taa zilizimika zenyewe, moja moja, bila kupulizwa.
Ya mwisho ilikawia.

Usiku, watu wamelala, nilirudi na tochi
nikaziokota zile betri nne, umande usizipate,
nikazifunga kwenye pindo la gauni.
Zilikuwa bado na joto la jua.

Asubuhi nitazianika tena.