Kibao cha Pazi

Keko, mwezi wa saba. Kipupwe kimekausha hewa,
na nyuma ya bati linalotutenga
msumeno wa Pazi umeamka saa moja na nusu.
Mimi nakata herufi, yeye anakata mbao.
Vumbi lake huja kwangu bila hodi;
herufi zangu hazijawahi kwenda kwake.

Unga wa mninga ni mwekundu,
wa mtiki unanuka ngozi kuukuu.
Naujua kwa rangi kabla haujatua.

Nikichuna karatasi kwenye perspeksi,
kraaa,
vinyweleo vya mkono vinasimama wima
na vumbi linaitikia.
Halianguki. Linakuja.
Limekaa hewani kimya, linangoja uivue plastiki nguo,
kisha linaikimbilia kama watoto
waliosikia baiskeli ya aiskrimu.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nafuta.
Kitambaa kikavu, mkono mzito, nasugua mpaka jasho,
na kadiri ninavyolifukuza
ndivyo ninavyolialika.
Somo hilo nimelilipia shiti nne
na mteja mmoja wa famasi aliyeniuliza kwa upole
kama zile chunusi ni sehemu ya nembo.

Sasa nina taratibu zangu, uzicheke ukitaka.
Sifagii kabla ya kumwaga maji.
Gunia la katani linaning'inia mlangoni, limelowa chepe.
Waya wa shaba unatoka kiunoni mwa plota,
unapita chini ya meza, unatoboa sakafu
mpaka kwenye nondo niliyoipigilia mwenyewe,
na kila Jumatatu naimwagia nondo maji ya chumvi.
Kinyozi wa ng'ambo anasema natambika.
Kabla ya kugusa stika nagusa geti la chuma:
tik.
Ardhi imechukua chake.

Sijaona, mwanafunzi wangu, mtu wa Masasi,
huilaza taa ubavuni mwa kibao
ili hata chembe itoe kivuli.
"Umeona kitu?"
"Sijaona."
Kila siku tunacheka.

Juzi Pazi akaja, nyusi zimejaa unga.
Miaka kumi na moja tumepakana, hana kibao.
Anataka PAZI FANICHA, bluu juu ya nyeupe.
Nikamwambia lete nusu,
na kesho usiwashe mashine mpaka adhuhuri.
Akaniangalia kama niliyemwomba asipumue.
Akakubali.

Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza,
nikasikia redio ya kinyozi inasema nini.
Tukalowesha sakafu, tukalowesha gunia,
nikanyunyiza maji yenye tone la sabuni,
nikazishusha herufi kwa skwiji, kutoka katikati,
maji yakikimbilia pembeni.
Mwisho plastiki ya juu, ile angavu ya kuzuia jua.
Sijaona akalaza taa.
"Umeona?"
Akanyamaza kidogo.
"Nimeona."

Ndani ya A, ile ya FANICHA, kwenye kijumba chake cheupe:
chembe moja, nyekundu.

Nikashika kisu nichane.
Pazi alikuwa ameshafika mlangoni;
akasogeza gunia kwa kiwiko, akavaa miwani, akainama.
"Mninga," akasema. "Kitanda cha binti yangu.
Nilikipiga randa jana usiku."
Nikasema nitakata kingine, hasara yangu.
Akaipapasa plastiki kwa dole gumba
lililopoteza kucha zamani.
"Kiache hivyo hivyo," akasema.
Kisha, akiwa tayari amegeuka:
"Ila punguza elfu kumi."

Kibao kiko juu ya mlango wake tangu Ijumaa.
Ukisimama barabarani chembe haionekani;
Sijaona anaapa anaiona.
Saa hizi msumeno umeshika kasi tena,
harufu ni ya mtiki,
na gunia limeanza kukauka upande wa juu.